Swali la Mtoto Huko Pugu



Katika kitabu cha Yoshua, Waisraeli wanatoa mawe kumi na mawili mtoni Yordani ili siku moja watoto wao waulize habari zake. Tumezoea kuhubiri juu ya mawe. Leo napenda kusema juu ya swali.

Niliwapeleka watoto wa kipaimara kutoka Kibaha hadi Pugu, jirani na Kisarawe, mahali ambapo Wabenediktini walifungua misheni mwaka 1888. Niliwasimulia kwamba tarehe 13 Januari 1889 wafuasi wa Abushiri waliivamia, wakaichoma moto, wakawaua mabruda wawili na sista mmoja. Ndipo binti mmoja, ambaye wazee wake ni wa Kisarawe, akauliza: "Padre, hao waliowaua ni babu zetu?"

Nikamjibu kwamba walikuwa watu wabaya, tukaendelea na rozari. Nakiri kwamba nilijibu kivivu.

Mwezi Agosti 1888 kampuni ya Kijerumani ilijitwalia utawala wa pwani, ikapandisha bendera yake, ikadai kodi. Watu wakaasi. Wamisionari wa Pugu walikuja kwa ajili ya Injili, tena walipokea watu waliokombolewa utumwani; lakini walikuwa Wajerumani, na machoni pa wengi kanzu yao na bendera ile vilikuwa kitu kimoja. Damu yao ilimwagwa bila hatia. Hata hivyo, hasira iliyoimwaga haikuzuka bure.

Kisha ikaja Vita ya Majimaji mwaka 1905, baada ya watu kulazimishwa kulima pamba. Kibasila, jumbe wa Kizaramo wa Kisangire, huko huko Kisarawe, alinyongwa na Wajerumani. Dar es Salaam ipo shule ya sekondari yenye jina lake. Katika mafundisho yetu silisikii likitajwa.

Ndugu makatekista, mwapelekapo watoto Pugu, au kwenye makumbusho ya misheni ya Bagamoyo iliyoanzishwa mwaka 1868, msiharakishe kuwafikisha kwenye soda. Waombeeni waliouawa, mtajeni na Kibasila, na mtoto akiuliza, mwacheni amalize.

Yule binti nilimtafuta Jumapili iliyofuata, baada ya Misa. Nikamwambia: ndiyo, huenda walikuwa babu zetu. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama inaruhusiwa kuwaombea na wao. Tukapiga magoti pale pale, tukawaombea.