Bati Ulilipimaje?

Bandika sufuria mbili za maji: moja iwe imesuguliwa kwa majivu hadi inang'aa, nyingine iwe nyeusi kwa masizi ya kuni. Maji yakichemka, zote zinaunguza sawasawa. Lakini zitazame kwa kamera ya joto. Yenye masizi itawaka rangi ya moto, inayong'aa itaonekana kama imepoa! Kamera haina kosa. Chuma king'aavu hutoa mionzi michache ya joto, halafu huakisi ya vitu vilivyo mbele yake, hata ya uso wako wewe mpigaji.

Sasa tazama mapaa ya Mbagala na Tandika, Temeke, au kule Tegeta na Bunju, Kinondoni. Mengi ni bati tupu. Bati jipya huakisi anga, na anga kwenye kamera huonekana baridi. Asiyesomea kazi ya kupima kwa kamera hiyo atakuambia paa lako limepoa, nawe chini yake unatokwa jasho.

Kuta nazo zina mambo. Sehemu iliyonyonya maji ya masika huchelewa kupata joto na huchelewa kupoa. Doa lilelile laweza kuonekana la baridi mchana na la moto usiku, kwa hiyo mkaguzi huuliza kwanza jua limepiga upande gani, kisha huhakikisha kwa kipima unyevu. Kwenye umeme, waya uliolegea kwenye swichi kubwa hupata joto pale tu umeme unapopita. Ukaguzi ufanyike jokofu, pasi na pampu vikiwa kazini, na kifuniko akifungue fundi mwenye leseni ya EWURA.

Viwango vipo. ISO 6781 inahusu ukaguzi wa joto wa majengo. ISO 9712 inawapanga wakaguzi katika ngazi tatu: wa kwanza hupima kwa kufuata maelekezo yaliyoandikwa, wa pili hutafsiri picha na kuandika ripoti, wa tatu huandaa taratibu zenyewe. Kutafsiri ndiko kazi iliko. Kwa maoni yangu, vijana wetu wafundishwe hayo kwenye karakana kama za VETA Chang'ombe, palepale Temeke.

Akija mtu na kamera nyumbani kwako, dai ripoti yenye saa, joto la hewa, na picha ya kawaida kando ya picha ya joto. Kisha muulize: bati ulilipimaje? Akijibu kwamba alibandika kipande cha tepu nyeusi ya umeme, akangoja kipate joto la bati, ndipo akapima juu ya tepu, mkaribishe ndani.