Daktari wa Homoni Yuko Ng'ambo ya Barabara

Haya ni maandishi ya mazungumzo ya afisa wetu wa habari mbele ya wazazi na wahudumu wa afya ya jamii, Mathare.

  Mimi si daktari. Nilisomea uandishi wa habari, na kazi yangu ni kuwafikishia wakaazi habari wanazohitaji. Nitakayosema leo kuhusu magonjwa nimeyauliza kwa wanaojua. Atakayetaka kujua mtoto wake apewe dawa kiasi gani, tafadhali asiniulize mimi.

Nianze kwa kukiri kosa. Nikiwa bado ripota, kabla sijaajiriwa serikalini, nililetewa barua ya mwaliko kutoka kwa chama cha madaktari wa homoni za watoto. Walikuwa na mkutano wa mafunzo, wakaomba utangazwe. Nilisoma neno "homoni" nikasema moyoni, hayo ni mambo ya watu wenye nafasi zao. Wetu huku Eastlands wana shida ya maji, moto na mafuriko. Nikaiweka barua kando.

Kisha akaugua mtoto wa dada yangu. Alikuwa na miaka saba. Alianza kwa kunywa maji sana, halafu akaanza kukojoa kitandani, yeye aliyeacha tabia hiyo tangu akiwa na miaka mitatu. Dada yangu alimgombeza. Shati la shule likaanza kumpwaya. Siku alipoanza kutapika alipelekwa kwenye kituo kimoja ambacho sitakitaja, wakasema ni malaria. Siku mbili baadaye, kituo kingine, wakasema ni amiba. Siku ya tano mtoto alikuwa anahema kama mtu aliyekimbia kutoka Kariobangi, na pumzi yake inanuka kama matunda yaliyooza.

Katika kituo cha tatu muuguzi aliuliza swali moja: "Mama, huyu mtoto anakwenda choo mara ngapi usiku?" Akamdunga kidole, akaweka tone la damu kwenye ile mashine ndogo ya sukari. Mashine ikaandika HI. Dada yangu alidhani mashine inamsalimu. Kumbe maana yake ni kwamba sukari imepanda kupita kiasi ambacho mashine inaweza kusoma. Mtoto alikimbizwa hospitali kubwa usiku huohuo, akawekewa maji na insulini. Leo yuko sekondari na ananishinda kwa urefu.

Nilirudi kumshukuru yule muuguzi, nikamwuliza alijuaje. Akasema alihudhuria mafunzo ya siku chache tu, na aliyewafundisha alikuwa daktari wa homoni za watoto. Nikaikumbuka ile barua.

Sasa niwaambie madaktari hawa ni akina nani na walipatikanaje. Homoni ni kemikali ambazo mwili hutengeneza na kuzituma kwenye damu, kila moja na kazi yake: ya kukua, ya kubalehe, ya kutumia sukari, ya kuhifadhi chumvi. Mtoto si mtu mzima mfupi. Homoni zake zinabadilika mwaka hadi mwaka, kwa hivyo anahitaji daktari aliyesomea watoto kwanza, kisha akaongeza masomo ya homoni. Zamani daktari Mkenya aliyetaka ujuzi huo ilimbidi kufunga safari kwenda nchi za mbali, na si wengi waliopata nafasi.

Kule Ulaya madaktari wa fani hii walikuwa na chama chao tangu 1962, kinachoitwa ESPE. Kingine cha kimataifa, ISPAD, kinashughulikia kisukari cha watoto. Vyama hivi, pamoja na wafadhili wengine, vilikubaliana na madaktari wa hapa kuanzisha kituo cha mafunzo kwa ajili ya Afrika. Kilianza 2008, na kilianzia Nairobi. Mafunzo yalichukua mwaka mmoja na nusu. Daktari alisomea hapa, akarudi nchini kwake kufanya utafiti, kisha akaja kumalizia. Wamepita madaktari kutoka Tanzania, Uganda, Nigeria, Ghana na kwingineko. Mwaka 2012 kikafunguliwa kituo kama hicho Lagos. Siku hizi Afrika ina chama chake, ASPAE, na hao waliosoma Nairobi ni miongoni mwa wanaokiendesha.

Na je, walisomea wapi hapa Nairobi? Katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, na katika Hospitali ya Watoto ya Gertrude's, Muthaiga. Muthaiga! Mkivuka Thika Road mmeingia. Madaktari walipanda ndege kutoka nchi za mbali kuja kujifunza mwendo wa miguu kutoka hapa tulipoketi, na kwenye bonde hili mtoto anaweza kumalizika kwa sukari huku akimezeshwa dawa ya malaria. Sisemi hivi kumlaumu mtu. Najua pia kwamba Gertrude's si ya serikali na kwamba si kila mlango wa Muthaiga unafunguka kwa mtu aliyetoka Kosovo au Mlango Kubwa. Lakini daktari bingwa, awe Kenyatta au kwingine, hawezi kumsaidia mtoto ambaye hakuna aliyemdunga kidole.

Kwa hivyo tuzungumze kuhusu choo. Wengi wetu hapa tunalipia choo kila tunapokwenda. Mama anajua siku hii imekula shilingi ngapi za choo, na usiku kuna ndoo. Hesabu hiyo ni kipimo cha kwanza cha kisukari. Ikiwa mtoto mmoja anamaliza pesa za choo za watu watatu, na ndoo inajaa kabla ya alfajiri, na mtungi wa maji wa lita ishirini hauishi siku, usimgombeze. Wengine wameona siafu au sisimizi wakikusanyika palipomwagika mkojo. Wanafuata sukari. Ongeza kukonda, uchovu, na mwalimu anayelalamika kwamba mtoto anaomba ruhusa kila dakika. Mkiona hivyo, msingoje kesho. Nendeni kituo cha afya, na mseme kwa kinywa chenu: "Naomba apimwe sukari." Hata kama ana homa. Hata kama wameshasema ni malaria, kwa maana mtoto anaweza kuwa na vyote viwili. Ni tone moja la damu na jibu hutoka kabla hujamaliza kufunga leso.

Wahudumu wa afya ya jamii, hapa ninawatazama ninyi. Mwezi Septemba 2023 wahudumu zaidi ya 100,000 nchini walikabidhiwa mikoba ya kazi, na ndani yake mna mashine ya kupima sukari. Wengi mnaitoa kwa wazee wenye presha na kuirudisha mkobani. Itoeni pia kwa mtoto anayekonda. Na vile vijikaratasi vya kupimia vikiisha, semeni mapema, msingoje kuulizwa.

Kisukari hiki cha watoto, aina ya kwanza, hakiletwi na peremende. Mwili wenyewe huharibu zile chembe za kongosho zinazotengeneza insulini. Si kosa la mama, si jicho la jirani. Kabla ya Januari 1922, mvulana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson alipodungwa insulini kule Toronto, ugonjwa huu ulikuwa hukumu ya kifo kwa kila mtoto, tajiri kwa maskini. Insulini haiachwi hata siku moja. Ukitaka kuombewa, ombewa, na hata mimi nitaitikia amina, lakini sindano iendelee. Waliomwachisha mtoto sindano kwa sababu "amepona" wamemzika, na wengine ni watu ninaowafahamu.

Gharama ni swali la haki. Upo mpango uitwao Changing Diabetes in Children, ulioanza 2009, ambao kupitia kliniki zilizomo humpa mtoto insulini na vifaa vya kupimia bila malipo. Kenya imo. Mkipewa barua ya rufaa, ulizeni kliniki gani iliyo karibu imo katika mpango huo.

Friji? Wengi hatuna, na stima hukatika. Chupa ambazo hazijafunguliwa zinatakiwa kukaa kwenye baridi, kwa hivyo kuna wanaoomba kliniki iwahifadhie na kuchukua moja moja. Kwa ile inayotumika, kuna habari njema iliyotoka hapahapa Kenya. Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walipima joto la nyumba za wakimbizi kambini Dagahaley, Dadaab, kisha wakaijaribu insulini kwenye joto hilo maabara. Matokeo yaliyotolewa 2021 yalionyesha kwamba kwenye nyuzi 25 hadi 37 kwa wiki nne, nguvu zake hazikupungua. Vyungu viwili, kimoja ndani ya kingine, na mchanga mbichi katikati, hupunguza joto zaidi. Msiiweke dirishani wala juu ya televisheni. Na mkimwona kijana anajidunga tumboni nyuma ya ploti, ulizeni kwanza kabla ya kupiga kelele za mihadarati.

Sukari imechukua muda wangu mwingi, lakini kuna jambo lingine ambalo halisemwi hadharani. Kuna mtoto anayezaliwa na mkunga anashindwa kusema ni msichana au ni mvulana. Familia humficha. Baadhi ya watoto hawa, tezi zilizo juu ya figo hazitengenezi homoni ya kutunza chumvi mwilini, na katika wiki ya pili au ya tatu mtoto anaanza kutapika, anakauka maji, anakufa. Watu husema ni laana imejiondoa. Kumbe kuna dawa, na ni daktari wa homoni anayeitoa. Nchi hii iliwahesabu huntha katika sensa ya 2019, ikapata watu 1,524, na Sheria ya Watoto ya 2022 inamlinda mtoto wa namna hii. Mpelekeni hospitali wiki hiyohiyo. Na msikimbilie upasuaji kabla hajaonwa na wanaohusika.

Mtoto mchanga aliye mpole kupita kiasi naye tumwangalie: halii, analala tu, hapati choo, macho yana umanjano usioisha, ulimi mkubwa. Huenda tezi ya shingo haifanyi kazi. Nchi zilizoendelea huwapima watoto wote kwa tone la damu ya kisigino. Sisi hatujafika huko, kwa hivyo mama ndiye kipimo. Kidonge kikianza ndani ya wiki chache za kwanza, akili hukua sawasawa. Kikichelewa, hairudi.

Na nyinyi mnaokaa kwenye ghorofa za Huruma na Mathare North, ambako taa huwashwa saa sita mchana: mtoto anayekulia ndani hapati jua, na bila jua mifupa hulainika, miguu ikapinda matege. Mshusheni, mtoeni nje, mikono na miguu ikiwa wazi. Mtoto aliyechelewa kutembea na vifundo vyake vimevimba, apelekwe.

Nimemaliza upande wangu. Muuguzi wetu amekuja na mashine ya kupima sukari, yuko kwenye meza ile ya pembeni hadi saa saba. Tuchukue maswali. Mama wa leso ya kijani aliinua mkono tangu nilipotaja ndoo, tuanze na yeye.