Miezi 12 ya Mgonjwa

Habari ya mwaka 2018 ya Hospitali ya Kenyatta, Nairobi, mmeisikia, hatuna haja ya kuirudia kwa kirefu. Vitambulisho vya wagonjwa wawili vilichanganywa, kichwa kisichohitaji upasuaji kikapasuliwa, na saa kadhaa baadaye ndipo ikajulikana kwamba damu iliyoganda iliyokuwa ikitafutwa humo haikuwemo. Waziri wa Afya wa wakati huo, Sicily Kariuki, alimpeleka mkurugenzi wa hospitali hiyo, Lily Koros, kwenye likizo ya lazima. Madaktari walisema mwenzao aliyesimamishwa kazi alitolewa kafara. Mjadala wote ulikuwa nani afutwe.

Kituo hiki kina swali ambalo hakikulisikia kwa waziri wala kwa madaktari. Mgonjwa aliyeumizwa katika hospitali ya serikali ana muda gani wa kwenda mahakamani? Kisheria ana miezi 12. Akiumizwa katika hospitali ya kibinafsi ana miaka 3. Kisu ni kile kile, kosa ni lile lile, pengine hata daktari ni yule yule, maana wengi asubuhi wako kwa serikali na jioni wako kwenye kliniki zao. Ukiumizwa jioni, miaka 3. Ukiumizwa asubuhi, miezi 12.

Kama Kenyatta yenyewe, iliyo shirika lenye bodi yake, imo ndani ya sheria hiyo au haimo, hilo tunawaachia mawakili. Wanaotutia wasiwasi ni wagonjwa wa hospitali za kawaida, zikiwemo zile zilizokabidhiwa kaunti mwaka 2013, kwa sababu mawakili wa kaunti nao huishika sheria hiyo hiyo ya miezi 12.

Miezi 12 inaonekana mingi kwa mtu mzima wa afya. Aliyesahauliwa kitambaa cha upasuaji tumboni haambiwi siku anayoruhusiwa kwenda nyumbani. Maumivu yanaanza, anapewa dawa za vidonda vya tumbo, anaombewa, anabadilisha zahanati. Siku picha inapoonyesha kuna kitu, anarudi pale alipopasuliwa kuomba faili. Faili halionekani. Njoo Jumatatu. Jumatatu karani yuko semina. Faili liko kwa daktari. Faili liko stoo. Wakili hawezi kuandika kitu bila faili, daktari wa pili hawezi kutoa maoni bila faili, na miezi 12 haingoji faili.

Suala la faili tumelisema hapa mara nyingi, na tutalisema tena. Serikali ndiyo inayokaa na faili, na serikali hiyo hiyo ndiyo inayosimama mbele ya jaji kusema mgonjwa amechelewa.

Wakumbukeni waliokuwa wodini wakati wa mgomo wa madaktari, ulioanza Desemba 5, 2016 ukaisha Machi 14, 2017. Siku 100. Aliyeumizwa kwa uzembe siku zile na hakufungua kesi, muda wake ulikuwa umekwisha, au ulikuwa unakwisha, wakati tukibishana kuhusu likizo ya mkurugenzi. Nani alimwambia?

Tunajua utetezi wa sheria hiyo ya miezi 12. Mashahidi huhamishwa, kumbukumbu hupotea, fedha za umma zinahitaji mipango. Sawa. Mashahidi wa hospitali ya kibinafsi hawahami? Wengine watasema mahakama inaweza kumwongezea muda asiyejua. Mlango huo ni mwembamba: haumfungukii anayesema hakuijua sheria, unamtaka athibitishe kwamba hakuujua ukweli wenyewe wa yaliyomtokea. Athibitishe kwa nini? Kwa faili.

Mwaka 2012 Mahakama Kuu ilisema kumlazimisha raia atoe notisi ya siku 30 kabla ya kuishtaki serikali kunavunja haki yake ya kufikia mahakama, kifungu cha 48 cha Katiba. Notisi ikaguswa. Miezi 12 ikabaki. Na hata akishinda, mali ya serikali haipigwi mnada kama ya mdaiwa mwingine. Atapewa cheti akasubiri.

Basi msikilizaji, kama umetoka hospitali ya umma na mwili wako unakwambia kuna jambo haliko sawa, usingoje uchunguzi wa wizara. Peleka malalamiko kwa Baraza la Madaktari, lakini jua kwamba siku za mahakama zinaendelea kuhesabiwa wakati unalingoja Baraza. Andika barua leo kudai nakala ya faili lako. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kukujibu. Barua igongwe muhuri wa kupokelewa, na nakala yake ibaki nyumbani kwako. Hujui kuandika? Mwite mwanao. Mwite mwalimu wa jirani. Iandikwe!

Nanyi waheshimiwa wabunge, mnaotibiwa kwa bima katika hospitali ambazo mkiumizwa mna miaka 3, wapeni waliowachagua muda huo huo. Miaka 3 kwa kila mgonjwa, ihesabiwe tangu siku aliyojua, na siku ambazo hospitali imekaa na faili zisihesabiwe kabisa. Mswada wa kurasa mbili unatosha. Uleteni katika kikao hiki.