SAMAKI WA MADIMBWI YA BAHI

Somo letu la leo lahusu kufuga samaki katika chombo cha kioo nyumbani: si samaki wa kitoweo, bali wa kutazama na kujifunza.

Pengine utauliza, hapa Dodoma penye ukame samaki watoka wapi? Mvua zinyeshapo, madimbwi ya mbuga za Bahi hujaa maji, na baada ya majuma machache huonekana humo samaki wadogo, urefu wao haupiti kidole. Dume ana rangi za kupendeza. Jike ni wa kijivu. Wataalamu huwaita Nothobranchius. Aina moja, Nothobranchius neumanni, iliandikwa na Hilgendorf, Mjerumani, mwaka 1905.

Samaki hawa hawakuanguka na mvua. Wazazi wao walitaga mayai matopeni kabla dimbwi halijakauka, kisha wakafa. Mayai yakalala udongoni kiangazi chote. Wala hayaanguliwi yote kwa mvua ya kwanza. Mengine hungoja, ili mvua ikikatika mapema ukoo usiishe.

Sasa shika mambo haya:

1. Chukua chombo cha kioo kienezacho lita 20, kiweke mahali pasipopigwa na jua kali, na ukifunike, maana samaki hawa huruka.

2. Maji ya bomba yaache wazi siku nzima kwanza, dawa itoke. Tia kijiko cha chai cha chumvi kwa kila lita 10. Huzuia ugonjwa wa ngozi.

3. Weka dume mmoja na majike wawili au watatu. Madume hupigana.

4. Walishe viluwiluwi wa mbu, kidogo kidogo. Kila juma badili robo ya maji.

5. Chini weka makumbi ya nazi yaliyochemshwa. Watataga humo. Yatoe, yakamue, uyafunge katika mfuko yakiwa na unyevu kidogo. Baada ya miezi mitatu au zaidi yatie majini, nawe utaona watoto.

Kabla ya kuvua, mwone Afisa Uvuvi wa wilaya yako, kisha chukua wachache tu. Dimbwi likifukiwa, au likitiwa sumu ya wadudu, mayai yote hupotea, na mvua ya mwaka ujao haitawarudisha.

Tena, usimwage kamwe samaki wa nyumbani katika maji mengine. Sangara alitiwa katika Ziwa Victoria miaka ya 1950. Kufikia miaka ya 1980 aina nyingi za furu zilikuwa zimetoweka. Kosa la namna hiyo halina dawa.

Maswali ya kujadiliana kikundini:

(a) Kwa nini mayai hayaanguliwi yote pamoja?

(b) Kijijini kwenu ni dimbwi gani hukauka kila mwaka, nalo latumiwaje?

Kwa herini, ndugu, hadi somo lijalo.