Kabla ya Kukata Ua, Tazama Kiota

Mazungumzo na wakazi wa Kitengela kuhusu kazi za bustani na ndege wa porini

   Sitawaweka sana, maana naona mawingu yanakusanyika upande wa Ngong na najua kuna walioacha nguo kwenye kamba.

Nimeombwa nizungumze juu ya bustani zetu na ndege. Najua kuna anayejiuliza: maji yenyewe tunanunua kwa mtungi, halafu tukae hapa tuzungumze ndege? Ndiyo, tuzungumze. Kazi tunayoifanya kwa panga, jembe na pampu ya dawa ndiyo inayoamua kama ndege watabaki hapa au watahama. Na wakihama, kuna kazi waliyokuwa wakitufanyia bure ambayo itaturudia sisi.

Waliokaa hapa miaka mingi wanakumbuka Kitengela ya nyasi tupu. Wakati wa mvua, nyumbu na punda milia walitoka Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946, wakavuka mto na kutawanyika huku kwetu. Ndiyo sababu mbuga ile iliachwa wazi upande wa kusini. Leo nyanda zile zimekatwa ploti, hamsini kwa mia, na kila mtu amejenga ua wake. Nyumbu hawezi kuruka ua. Ndege anaweza. Katika mbuga ile pekee kumeonekana aina zaidi ya 400 za ndege, na wao hawajui mpaka wa mbuga uko wapi. Anayetafuta mti wa kutua atatua kwenye mti wako, kama unao.

Sasa tufuate mwaka, kazi kwa kazi.

Tuko mwanzo wa Machi. Kazi ya sasa ni kumaliza kupogoa miti na kupunguza ua wa kayaba kabla ya masika. Msiiache hadi Aprili. Mvua ikinyesha wadudu huwa wengi, nyasi huzaa mbegu, na ndege wengi hujenga viota wakati huo kwa sababu chakula cha makinda kipo.

Hili nalijua kwa kosa langu mwenyewe. Mwaka mmoja nilichelewa, nikaingia kwenye ua na panga katikati ya Aprili. Tawi la tatu lilianguka na kiota cha shore, yule ndege wa kichwa cheusi anayetuamsha alfajiri. Kilikuwa na makinda matatu, bado hawana manyoya. Nilijaribu kukirudisha kiota kwenye ua, lakini jioni makinda walikuwa wamekufa. Mama yao alikuja na mdudu mdomoni siku mbili mfululizo, akitafuta. Ua ule ungeweza kungoja.

Kwa hiyo, ukilazimika kukata wakati wa mvua, simama kwanza hatua chache kutoka kwenye ua, utazame kwa dakika kumi. Ukiona ndege anaingia mahali pale pale tena na tena akiwa na mdudu au unyasi mdomoni, hapo pana kiota. Ruka sehemu hiyo, ukate kwingine. Makinda wa ndege wadogo kama shore hukaa kiotani wiki mbili hivi, kisha huruka. Wiki mbili tu.

Masika pia ndio wakati wa kupanda miti. Udongo wetu mweusi hupasuka wakati wa kiangazi na kushika maji kupita kiasi wakati wa mvua, kwa hiyo chimbeni mashimo mapema na kuchanganya samadi. Mkiwa na nafasi, pandeni mti wa kwetu, kama oltepesi. Kwezi, yule wa bluu inayong'aa na tumbo la rangi ya machungwa, anapenda kujenga ndani ya miiba ambako paka hafiki. Pale penye maji karibu, olerai itafaa. Mti huo hukua haraka, ila usiupande karibu na ukuta wa nyumba.

Mboga zikianza kustawi, viwavi na vidukari huja. Hapo ndipo wengi tunakimbilia dawa. Nawaomba mjue jambo moja. Hata ndege anayekula mbegu, kama mnana anayesuka vile viota vinavyoning'inia, huwalisha makinda wake wadudu. Ukinyunyizia dawa kali kila wiki, mdudu anakufa, na ndege aliyekuja kumla anapata sumu au anakosa chakula. Wadudu huzaana upesi kuliko ndege, kwa hiyo wao ndio watakaorudi kwanza.

Anzeni na njia ndogo. Geuzeni majani ya sukuma wiki asubuhi, mtoe viwavi kwa mkono. Jani lililojaa vidukari likatwe na kutupwa mbali, na waliobaki waoshwe kwa maji yenye sabuni kidogo. Ikishindikana kabisa, muulize afisa wa kilimo dawa ipi inafaa, fuata kipimo, na uhesabu siku za kungoja kabla ya kuvuna. Siku hizo ni kwa usalama wa watoto wako pia.

Na dawa yoyote isigeuzwe kuwa sumu ya wanyama. Mwaka 2009 kampuni iliyokuwa ikitengeneza Furadan iliiondoa katika soko la Kenya baada ya dawa hiyo kutumiwa kuwaua simba kwa chambo. Tai walao mizoga hukusanyika wengi kwenye mzoga mmoja. Mzoga mmoja wenye sumu unaweza kuwaangamiza wote, na wasipokuwepo, mizoga hubaki kwa mbwa wetu.

Sitasema ndege hana hasara. Pasa, wale wa kijivu wenye mikia mirefu wanaotembea kwa makundi, wanaweza kumaliza papai lako kabla hujalionja. Funika tunda kwa gunia au wavu, na wavu ukazwe vizuri ili ndege asinaswe. Mimi huwaachia papai moja la juu kabisa, ambalo hata ngazi yangu haifiki.

Juni hadi Agosti ni baridi na mawingu. Kazi ya bustani hupungua. Huu ndio wakati wa kukaa na kikombe cha chai na kutazama. Ukiwa na shubiri mwitu, ambayo Wamaasai huiita osuguroi, maua yake hutoa utamu wakati mimea mingine imechoka. Chozi atakuja. Ni mdogo na mdomo umepinda, na jua likichomoza kidogo utaona rangi ambayo duka la vitambaa halina.

Agosti hadi Oktoba, vumbi na ukame. Safisheni mifereji ya paa na tangi kabla ya vuli, maana mvua ya kwanza ikikuta majani na vumbi, huo uchafu utaingia kwenye maji ya kunywa. Kwa ndege, chukueni sahani pana isiyo na kina au kipande cha mtungi uliovunjika, mtie jiwe katikati na maji kidogo. Maji yaliyooshea mboga, bila sabuni, yanatosha. Yabadilishwe kila siku ili mbu wasizaliane, na sahani iwekwe mahali ambapo paka hawezi kujificha. Nusu lita haitakufilisi.

Vuli, Oktoba hadi Desemba, wageni wanafika. Mbayuwayu mnaowaona wakipita juu ya barabara ya Namanga huenda walizaliwa kwenye zizi la ng'ombe huko Ulaya. Korongo weupe nao huja kutoka huko. Kumbikumbi wakitoka ardhini baada ya mvua, tazameni juu: kila mwenye mabawa amekuja karamuni. Itakapofika Machi na Aprili, wageni hao hufunga safari ya kurudi. Wengine wako njiani wiki hii, na mti wako mmoja unaweza kuwa mahali pao pa kujaza tumbo kabla ya safari ndefu.

Jambo la mwisho ni bundi. Nimeona watu wazima wakimrushia mawe kwa sababu alilia juu ya paa. Tunasema analeta kifo. Wazee wangu, bundi anakuja panapo panya, na panya wanakuja panapo mahindi. Amekuja kufanya kazi. Ukimuua, panya watabaki na gunia lako. Ukiweka sumu ya panya, yeye atakula panya aliyelishwa sumu na kufa pia. Tumieni mtego, mwinue magunia juu ya mbao, mwacheni alie.

Wazazi, wapeni watoto daftari waandike ndege wanaowaona. Haihitaji pesa. Mama Fleur Ng'weno alianza matembezi ya kutazama ndege ya Jumatano asubuhi jijini Nairobi mwaka 1971, na Wakenya wengi walijifunza majina ya ndege kwa kutembea naye, mguu kwa mguu. Sisi tunaweza kuanzia kwenye ua wetu.

Basi, wiki hii malizeni kupogoa. Mvua ikishaanza, panga lipumzike. Na yule mama shore akija tena kwenye ua wangu mwaka huu, nitakuwa nimemaliza kazi yangu mapema ili naye afanye yake.