Pikipiki ya Kwanza ya Stima: Mazungumzo na Vikundi vya Kerugoya

Tumeombwa tuseme machache juu ya pikipiki za stima, maana vikundi kadhaa hapa vinataka kutoa pesa za chama ili kuwanunulia vijana bodaboda. Sisi tulitangulia kununua moja. Tulitangulia kukosea pia.

Tuliambiwa betri ikijaa inaenda kilomita 80. Tukapiga makofi. Hakuna aliyeuliza, kilomita 80 za wapi? Huko chini Mwea, kwenye mpunga, njia ni tambarare na kijana wetu alizunguka vizuri. Lakini siku ya tatu jioni alipanda kutoka Kutus na abiria mmoja na gunia la mchele. Betri ikaisha kabla ya kufika Kerugoya. Abiria akashuka akaenda zake bila kulipa, kijana akasukuma pikipiki gizani. Asubuhi alituletea ufunguo akasema hataki tena. Wengine wetu walisema tumeuziwa takataka. La, pikipiki ilikuwa nzima. Ni sisi tuliosahau kwamba mlima na mzigo hula betri.

Kwa hivyo kabla ya kulipa hata shilingi, ijaribuni kwenye njia mtakayofanyia kazi, mkipanda, na mzigo juu. Mkifika, tazameni betri imebaki kiasi gani. Sisi siku hizi tunahesabu kilomita 50, na ikibaki robo kijana anarudi kuchaji.

Jambo la pili ndilo zito: betri ni ya nani? Kuna kampuni zinazouza pikipiki bila betri. Unakodi betri, ikiisha unaenda kituoni kubadilishiwa iliyojaa. Kwa mtu wa Nairobi ni sawa, huko ndiko vituo vilianza kuwa vingi. Lakini wewe wa Kianyaga, kituo kiko wapi? Kama hakuna cha karibu, tafuteni pikipiki ambayo betri ni yenu na inachajiwa nyumbani. Mkinunua kwa mkopo someni mkataba wote, maana zingine huzimwa kutoka mbali mkichelewa kulipa. Na muulize betri mpya ni pesa ngapi, kwa kuwa hiyo ndiyo sehemu ya bei kali, na haidumu milele.

Sasa hesabu. Betri moja hula kama yuniti tatu na kitu za stima. Tukiweka shilingi 30 kwa yuniti, ni kama shilingi 100. Pikipiki ya petroli kwa mwendo uleule wa kilomita 50 hula lita moja na robo hivi. Petroli ikiwa shilingi 180, hiyo ni 225. Tofauti ni zaidi ya shilingi 100 kwa kila betri, na hakuna kumwaga oili. Mwaka 2023 EPRA iliweka bei nafuu ya stima kwa vyombo vya umeme, shilingi 16 kwa yuniti, na 8 zile saa za usiku ambazo matumizi ni kidogo, kabla ya tozo. Lakini hiyo ni ya mita ya kuchajia peke yake, si ile ya nyumba yako. (Petroli hutoka ng'ambo kwa meli, lakini maji ya Thiba yanayopita hapa huishia Kamburu kuzungusha mitambo ya stima. Hilo linatufurahisha.)

Kuchaji, itieni fundi aangalie waya na soketi kwanza. Msitumie ile ekstensheni nyembamba ya redio. Betri isichajiwe chumba cha kulala wala karibu na jiko, na ikiwa imeanguka au imevimba, msiichomeke. Stima ikipotea usiku, asubuhi hakuna kazi, kwa hivyo chajini mapema jioni.

Namba ya usajili, bima na leseni ni lazima, kama ile ya petroli.

Kijana wetu alirudi baada ya wiki mbili. Pikipiki iko pale nje chini ya mti, na imejaa. Anayetaka kuijaribu aipandishe mpaka kule juu kwenye majani chai, kisha arudi atuambie imebaki ngapi.