Dona, Sembe na Ghala la Shule Yetu

(Maneno yaliyosemwa na mwanachama mmoja katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Nimetakiwa niseme machache kabla hatujapiga kura juu ya mashine tutakayoinunulia shule yetu. Wapo wanaotaka mashine ya kukoboa pamoja na ya kusaga, ili vijana wale sembe. Mimi naomba tununue ya kusaga tu. Kwa kuwa kazi yangu serikalini ni ya mambo ya chakula, labda mnangojea takwimu. Nitaanza na kosa langu.

Mwaka 1996 nilikuwa kidato cha tatu, tena kiranja wa chakula. Tulikuwa tukila dona, nasi tukaiita chakula cha wafungwa. Niliwaongoza wenzangu tukagoma kula siku mbili, hata uongozi ukakubali mahindi yakobolewe. Tukaushangilia ugali mweupe. Lakini ghala lilikuwa lile lile, na magunia yale yale. Ilipofika Septemba chakula kilikwisha. Tukarudishwa nyumbani, kila mmoja aje na madebe mawili ya mahindi. Rafiki yangu wa dawati moja, mtoto wa wafugaji wa Basotu, hakurudi. Wengi wenu mnamkumbuka: ndiye aliyekuwa akitufundisha hesabu usiku.

Hesabu ambayo mimi sikuipiga ni hii. Punje ya hindi ina ganda la nje, kiini ambacho ndicho huota, na sehemu kubwa ya wanga. Kiini ni kama sehemu moja ya kumi tu ya punje, lakini humo ndimo ilimo sehemu kubwa ya mafuta yake, pamoja na protini nzuri na vitamini. Mashine ya kusaga huiponda punje nzima kwa nyundo zizungukazo kwa kasi, mpaka unga upite kwenye chekeche. Ya kukoboa huisugua kwanza punje iliyonyunyiziwa maji, ganda na sehemu kubwa ya kiini vikatoka kuwa pumba. Kilo 100 za mahindi zikikobolewa hutoa unga kilo 70 hadi 80 hivi. Basi katika kila magunia manne tuliyopeleka mashineni, karibu gunia zima liligeuka pumba, wakala nguruwe na ng'ombe wa watu.

Ngano nayo ni vivyo hivyo. Mwishoni mwa miaka ya 1960 yalianzishwa Hanang mashamba makubwa ya ngano kwa msaada wa Kanada, na Wabarbaig wakapoteza malisho mengi. Ngano ile ilisafirishwa kwa malori kwenda vinu vya mbali. Huko nafaka husafishwa, hulowanishwa kidogo ili ganda lisivunjike ovyo, hupitishwa kati ya rola za chuma, ikachekechwa mara nyingi mpaka ubaki unga mweupe. Mkate ukaliwa mijini. Naye mtoto wa Basotu aliacha shule kwa kukosa madebe mawili ya mahindi.

Tangu mwaka 2011 kanuni za nchi zinavitaka viwanda vikubwa viongeze madini ya chuma, zinki na baadhi ya vitamini katika unga wa ngano na wa mahindi. Ni jambo jema. Lakini tazameni: tunalipa kuondoa, kisha tunalipa kurudisha, na hatuvirudishi vyote.

Ndugu zangu, dona nayo ina masharti yake, wala sitayaficha. Kwa sababu ya mafuta ya kiini, unga wake huchacha upesi. Mama yangu alijua hilo: alisaga wa siku chache tu, baada ya kupepeta na kuchambua kila punje iliyooza. Tena mahindi yasiyokauka vizuri huota ukungu wenye sumukuvu, na kwa kuwa dona husagwa na ganda lake, hubaki na sumu nyingi kuliko sembe. Mwaka 2016 watu walikufa kwa sumu hiyo katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kwa hiyo fedha za mashine ya kukoboa tununue maturubai ya kuanikia na mbao za chaga za ghala.

Mwaka jana nilikutana na rafiki yangu yule mnadani. Nikamwomba radhi, miaka mingi ikiwa imepita. Alicheka, akasema mwanawe yuko kidato cha pili hapa hapa. Kisha akaniuliza, "Je, siku hizi chakula kinafika Desemba?"

Sikuwa na jibu. Ndugu Mwenyekiti, naomba tumpe jibu leo. Naomba kutoa hoja.